Mulika Hapa

9 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Huku tu wazima. Mama goti bado linamsumbua, lakini mdomo hauna tatizo lolote na anakusalimu. Mimi nimehama. Chumba kipya kiko juu ya duka la vioo, kwa hiyo kila asubuhi naamshwa na mlio wa kioo kikikatwa, na meno yananisisimka kabla sijafungua macho. Ila kodi ni nafuu na dirisha linafunguka, tofauti na lile la kwanza.

Mama aliniambia nikupigie simu. Nimekataa. Kwenye simu wewe husema "ehe, ehe", halafu salio linakwisha kabla sijakasirika vizuri. Na leo nataka kukasirika vizuri.

Unajua niliajiriwa na kampuni ya kutengeneza lifti tangu mwaka jana. Cheti ninacho, mtihani nilipita, hata wewe ulinitumia pongezi. Sasa jiulize, tangu nianze mpaka leo nimeshika spana mara ngapi? Sijashika. Nashika tochi.

Tukifika kwenye jengo, msimamizi anagawa kazi. Huyu breki, yule milango, mwingine nyaya. Akifika kwangu anachomoa tochi mfukoni na kunikabidhi kama anayempa mtoto peremende. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya fundi mwenzangu, yule tunayemwita Mrefu, nimmulikie. Chini ya shimo la lifti ni giza hata mchana wa jua kali. Mrefu anajikunja, mikono yake yote miwili iko kwenye kazi, na mimi mkono juu. Mulika hapa. Si hapo, hapa. Unamulika wapi wewe? Mkono ukifa ganzi nahamishia wa pili, mwanga unatikisika, nafokewa. Wiki iliyopita alikuwa anang'ang'ana na nati isiyo ya boliti ile. Mimi niliiona, nikamwambia, hakusikia. Nati ilipogoma akailaumu tochi.

Basi nikawaza: kama kila fundi angekuwa na taa ya kichwani, nani angehitaji mtu wa kumshikia tochi? Wangelazimika kunipa kazi ya mikono. Nikanunua moja kwenye meza ya barabarani. Boksi lake limeandikwa kwamba inamulika kilomita nzima. Mjomba, mimi sitaki kumulika kilomita. Nataka kuona nati iliyo mbele ya pua yangu. Mwanga wake ulikuwa doa moja kali katikati, pembeni giza tupu. Ukanda uliteleza mpaka puani. Kabla ya chakula cha mchana ikafifia, ikazimika. Msimamizi akasema mbele ya wote, "Ndiyo maana tulikupa tochi." Wakacheka. Mrefu peke yake hakucheka.

Wewe ni fundi wa pampu za maji, umekulia kwenye mashimo yake. Niambie, taa nzuri ya kazi inachaguliwaje? Maana nimechoka kudanganywa na maboksi, na nimechoka zaidi kuwa mkono wa mtu mwingine.

Msalimie sana mkaza mjomba. Mwambie nimekikumbuka kicheko chake.

Mpwa wako.

27 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Hapa tu wazima wa mwili. Paa la jikoni limevuja tena palepale nilipoliziba, na jirani amenunua redio ambayo sasa tunaisikiliza mtaa mzima, tupende tusipende. Mwambie mama yako asugue hilo goti kwa maji ya moto, aache kunyanyua ndoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, maana kuketi kulinishinda. Wamekufanya nini hao? Mtu mwenye akili zake na macho yake hafanywi kuwa msumari wa kutundikia taa. Unasimama pale kama hupo, mwenzio anatamba kuwa yeye ndiye fundi, na kumbe bila wewe asingeona hata kidole chake. Hiyo si kazi, ni dharau. Siku nyingine wakikupa tochi, iweke chini uondoke, wala usiage. Wewe si wa kufokewa shimoni na mtu anayefunga nati isiyo yake.

Sasa sikiliza habari ya taa, maana wauzaji hawa ni matapeli na wanastahili kutajwa hivyo. Yaliyoandikwa kwenye boksi yapuuze yote. Umbali ni wa walinzi na wawindaji. Kazi yako iko umbali wa mkono wako, kwa hiyo unataka mwanga mpana, laini, uliotapakaa, unaoonyesha nati na jirani zake wote. Ukiuwasha karibu na chuma kinachong'aa usikupige machoni. Kichwa cha taa kiiname, la sivyo utavunja shingo. Betri ikae kisogoni, isizidi uzito wa mbele, ndiyo ukanda hautateleza. Swichi iwe kubwa, uibonyeze ukiwa na glavu zenye greisi. Betri iwe inatoka, maana ile iliyofungiwa ndani ikifa umenunua kofia. Na usikubali mwanga wa buluu buluu. Unakufichia kutu, unakufichia rangi za nyaya, kila kitu kinaonekana kama maiti.

Usinunue kwa kuangalia tu. Ingia nayo mahali penye giza, uinamishe kichwa, uone. Muuzaji akikataa, ujue anajua anachouza.

Ukipata nzuri ninunulie na mimi moja. Mwezi huu nimeshanunua mbili, zote takataka. Moja niliitupa kwenye shimo la pampu kwa hasira, na hata shimo limeikataa, bado inaelea. Siku hizi nafanya kazi peke yangu.

Mjomba wako.

18 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama amesugua goti kama ulivyosema. Anasema limepungua, ila ndoo hajaacha. Mimi nimezoea mlio wa vioo, sasa Jumapili wakifunga duka ndipo nashtuka. Hukuniambia kitu kuhusu mkaza mjomba. Anaendeleaje? Na imekuwaje unafanya kazi peke yako wakati yeye ndiye aliyekuwa akikushikia tochi tangu nikiwa mdogo? Anaumwa?

Taa nimeipata. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi, nikamwomba muuzaji niingie chini ya kaunta. Akaniuliza nimeangusha nini. Nikamjibu kwamba naangalia kama naweza kuona. Nilibeba vipande vya nyaya mfukoni, chekundu, cha kahawia, cha kijani, nikavimulika kimoja kimoja kwa kila taa aliyokuwa nayo. Taa mbili za kwanza zilifanya chekundu na cha kahawia vifanane kabisa. Fikiria, mtu anauza kitu hicho kwa fundi wa umeme na anakula chakula chake cha jioni bila wasiwasi. Ya tatu ilikuwa nzuri lakini betri haitoki. Ya nne ndiyo hii. Niliivaa nikatikisa kichwa kama mbuzi aliyeingiwa na nzi sikioni, haikusogea. Wateja walinitazama mpaka mmoja akaniomba nimchagulie na yeye. Nimenunua mbili, yako iko njiani.

Sasa sikia kilichotokea. Nilikwenda nayo kazini kwenye jengo lenye ofisi za bima. Msimamizi alikuwa bado hajafika, kwa hiyo Mrefu akaniachia breki moja, yeye akafanya nyingine. Mjomba, mikono miwili. Nilikuwa nimesahau kwamba ninayo yote miwili. Nilifungua, nikasafisha, nikarekebisha, nikafunga. Mrefu akaikagua akasema iko sawa.

Msimamizi alipokuja akaniona, akaniamuru niivue. Kifaa binafsi hakiruhusiwi, alisema. Nikamuuliza mbona Mrefu ana spana yake mwenyewe aliyoirithi kwa baba yake. Akasema hilo halinihusu, akatoa tochi mfukoni, akanyoosha mkono. "Mmulikie mwenzako."

Niliipokea. Kisha nikaiweka chini kwenye sakafu ya chumba cha mashine, ikiwa inawaka, inamulika ukuta. Nikashuka ngazi zote kwa miguu, maana lifti yenyewe tulikuwa tumeizima. Sikuaga.

Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka meneja anite. Sijui kama nina kazi. Naogopa, nisikufiche, lakini hasira ni kubwa kuliko woga.

Mpwa wako.

5 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Mzigo umefika, ukanda umekaa, kitu ni kizuri. Hiki kimetengenezwa na mtu aliyewahi kushika spana. Nimekivaa kwenye pampu ya shule, nimebadilisha beringi bila kutukana, jambo ambalo hata mwalimu mkuu alilishangaa.

Kuhusu hilo la kazini nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Ulipoiweka tochi ile chini uliunyanyua ukoo wetu mzima. Nimemsimulia mwenye duka la vipuri, nimemsimulia kinyozi. Usirudi nyuma. Wakikufukuza, njoo huku, pampu ni nyingi kuliko mafundi. Huyo msimamizi ni mtu wa kuonewa haya na watoto wake.

Kasoro moja tu ya taa, na siyo kosa lako. Inamulika pale ninapotazama. Haijui pale ninapotaka kutazama baadaye. Nikinyoosha mkono kuchukua bisibisi, bisibisi iko gizani mpaka nigeuze kichwa. Zamani mwanga ulikuwa unatangulia. Nilikuwa nikiwaza ile sili ya mpira inayozuia maji, mwanga uko kwenye sili. Basi, mtu huzoea.

Mkaza mjomba wako hajambo. Yuko kwa dada yake, wanapaka rangi nyumba. Ni nyumba kubwa.

Kwa mama yako salamu.

Mjomba wako.

29 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo. Mimi sijambo. Salamu zimekwisha.

Mama alikwenda kumtembelea mkaza mjomba kule kwa dada yake. Hakuna rangi. Hakuna hata brashi. Nyumba yenyewe ina vyumba viwili na ukuta wake ni wa matofali yasiyopakwa kitu tangu ijengwe. Mkaza mjomba yuko kule tangu Januari, kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza. Wakati unaniambia mimi si msumari wa kutundikia taa, yeye alikuwa ameshaondoka.

Mama amenieleza ilivyokuwa. Mlikuwa kwenye pampu ya shule. Ulikuwa ukimfokea tangu asubuhi, mulika hapa, siyo hapo, huoni, umelala? Watoto walikuwa mapumzikoni, wamesimama pembeni wakasikia, wakaanza kumwigiza. Wewe hukugeuza hata kichwa. Akaiweka tochi kwenye ukingo wa shimo, akaenda zake. Mwalimu mkuu ndiye aliyekushikia mpaka ukamaliza. Jioni ulifika nyumbani ukauliza chakula kiko wapi.

Nimeitafuta barua yako ya Februari. Nainakili hapa, maneno yako mwenyewe: "Unasimama pale kama hupo, mwenzio anatamba kuwa yeye ndiye fundi, na kumbe bila wewe asingeona hata kidole chake. Hiyo si kazi, ni dharau. Siku nyingine wakikupa tochi, iweke chini uondoke, wala usiage."

Naye hakuaga, Mjomba. Kwa nini mimi nimeunyanyua ukoo, na yeye anapaka rangi?

Mama alimuuliza kama ni tochi tu ndiyo iliyomwondoa. Akajibu hivi, na mama ameapa ndivyo alivyosema: "Miaka yote hiyo alikuwa anazungumza na mkono wangu."

Nilikuwa nakusimulia msimamizi wangu nikidhani nimepata mtu wa kunielewa. Kumbe nilikuwa namsimulia msimamizi mwingine.

Kwa meneja nimeitwa. Nilimweleza yote. Akamwita Mrefu, akamuuliza ile breki ilifungwa na nani na ilifungwa vipi. Mrefu, ambaye mbele ya wakubwa huwa hasemi, akasema nimeifunga mimi na kwamba yeye asingeifunga vizuri zaidi. Nasubiri jibu.

Mpwa wako.

11 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata. Mama yako ana mdomo tangu akiwa mtoto na nashangaa goti ndilo lililochoka kwanza.

Mimi sikuwahi kumpiga mke wangu. Sikuwahi kumlaza njaa. Sikuwahi kulewa nikaja kugonga mlango. Waulize majirani. Shimoni mtu anasema "mulika hapa" kwa sababu anataka pamulikwe. Ulitaka niseme nini, nimwimbie? Maji yanapanda, shule nzima ina kiu, mikono imejaa greisi, halafu nianze kubembeleza? Na kunifananisha na mtu yule wa lifti, hilo sitalisahau. Yule ni bosi wako. Mimi ni mume wa mtu.

Na usidhani nimekaa tu. Jumamosi nilikwenda huko kwa dada yake. Nilikwenda na taa yako kichwani ili aione. Nikamwonyesha inavyowaka, inavyoinama, betri kisogoni. Nikamwambia mambo yamekwisha, sasa nina taa, hutasumbuliwa tena, chukua vitu vyako turudi nyumbani. Nikadhani atafurahi. Nimeondoa tatizo lenyewe, au sivyo?

Aliiangalia taa. Akasema, "Kwa hiyo umepata mkono mwingine." Akaingia ndani. Dada yake akanifungia mlango, na mbwa wao akanisindikiza mpaka barabarani.

Sasa niambie wewe uliyesoma, mwanamke huyu anataka nini? Nikimwomba anishikie tochi, ni dharau. Nikimwambia asishike, ni dharau. Sijui tena. Usiniandikie habari hii.

Mjomba.

2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nimekaa kimya kwa sababu uliniambia nisiandike, na kwa sababu nilikuwa bado na hasira, na hasira yenyewe haijaisha. Mama pia ana hasira kwa lile la goti, lakini anasema uvae kitu cha joto, baridi imefika huko.

Kwanza ya kazini. Nimerudi. Meneja ameagiza taa za kichwani kwa mafundi wote, na safari hii aliniita mimi niende na mnunuzi dukani. Alipotaka kununua zile za kilomita nilimwingiza chini ya kaunta na vipande vyangu vya nyaya, akatoka huko akachagua kama yangu. Sasa hakuna anayeshika tochi. Jina langu limo kwenye zamu kama la wengine: breki, milango, nyaya. Msimamizi hanisalimii. Asubuhi anapita mbele yangu kama anapita mbele ya ukuta. Nimekubali, maana hata zamani alikuwa hanioni, tofauti ni kwamba sasa anajitahidi.

Ya pili ni hiyo uliyonikataza.

Mimi sijui ndoa, Mjomba, na sijidai kujua. Ninachokijua ni kushika tochi. Nikueleze kunavyokuwa. Anayefanya kazi yuko kwenye mwanga. Wewe unayeshika uko nyuma ya mwanga, na ukitaka kuonekana huwezi, kwa sababu ukijimulika mwenyewe kazi inasimama na unafokewa. Unamwona yeye kwa saa nzima. Unaiona mishipa ya shingo yake, unajua akikasirika kabla hajajua mwenyewe, unajua mkono wake utakwenda wapi. Yeye akiinua uso anakutana na mwanga tu, anafumba macho, anasema ushushe. Mimi nimefanya hivyo kwa mwaka mmoja na nilikaribia kuwa mgonjwa. Yeye amekufanyia tangu nikiwa mdogo.

Ulimpelekea taa umwonyeshe kuwa humhitaji. Wewe uliona unampa raha. Yeye alisikia umemfuta kazi.

Sina dawa. Ila kama utakwenda tena, nenda mchana, usiende na kifaa chochote, na umwangalie.

Ukikasirika, kasirika. Mimi nimeshazoea kukasirikiwa na wanaume wenye spana.

Mpwa wako anayekupenda.

26 Agosti

Mpwa wangu, marahaba.

Mama yako mwambie nimevaa kitu cha joto. Paa la jikoni nimelibadilisha lote, maana kiraka juu ya kiraka ni ujinga. Redio ya jirani imeharibika na nimekataa kuitengeneza.

Nilikasirika sana. Barua yako niliiweka kwenye mkebe wa misumari, nikaifungia. Nikaitoa. Nikairudisha. Kazi zangu wiki hizo zilikuwa mbovu, hilo nakiri, na lawama nyingine ni yako.

Halafu nikaenda. Mchana, mikono mitupu, nikijisikia uchi. Dada yake alinitolea maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuyasikia uani, huku anaanua nguo. Nikaketi kwenye benchi nikangoja. Mke wangu alikuwa kibarazani anashona. Wana cherehani, yeye na dada yake, wanashona sare za shule, na kumbe wana wateja mpaka ng'ambo ya barabara kuu. Hakuna aliyeniambia. Nikamwangalia kama ulivyosema, na kitu cha kwanza nilichokiona kikanichoma.

Amevaa miwani.

Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema ni miwani ya tatu hii. Ya tatu. Ya kwanza aliinunua kabla wewe hujaanza shule, akawa anaivaa hata shimoni, ili aone ninachokifanya. Nikamwambia haiwezekani, ningeiona. Akasema, "Ungeionea wapi?" Kisha akaendelea kushona mpaka chai ikaletwa, tena ikaletwa kwake tu.

Nimekasirika mpaka leo. Mtu anavaa miwani nyumbani kwangu miaka yote hiyo na hakuna mwenye adabu ya kunijulisha. Hata mama yako alijua. Kinyozi alijua, nimemuuliza. Mji mzima ulikuwa unajua mke wangu anavaa miwani isipokuwa mimi.

Nilikwenda tena wiki iliyofuata. Nikaenda na wiki nyingine. Wakati mwingine tulizungumza, wakati mwingine nilivuta nyuzi zilizokuwa zimejifunga kwenye kitambaa nikaambiwa niziache. Siku moja akacheka, sikumbuki kwa lipi, dada yake akatoka ndani kuangalia kuna nini. Mwishoni nikamuuliza wazi, atarudi au hatarudi. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida, ingawa moyoni nilikuwa nafoka.

Akasema tochi hatashika tena, hata maji yafike dirishani. Pampu pia hataki kujifunza, nisije nikadhani ananipa fursa ya kumfundisha. Anashona, na kushona hataacha. Akirudi anataka chumba cha mbele.

Chumba cha mbele, mpwa wangu. Unakijua. Ndiyo karakana yangu. Pale ndipo penye meza yangu, pampu zangu, mabomba yangu, kila kitu mahali pake. Nikamwambia chumba kile ndicho chenye dirisha kubwa. Akasema ndiyo maana.

Nimehamisha. Nimetoa kila kitu kwa mikono yangu, nimekipanga uani chini ya bati. Mvua ikija kwa upande inanyeshea pampu za watu. Kuta nimezipaka chokaa, na nikiwa napaka nilikumbuka ile nyumba kubwa ya dada yake, nikajisikia nikitaka kutukana lakini hapakuwa na mtu. Sakafu niliisugua siku nzima kutoa greisi na bado kuna doa moja ambalo yeye ameliona kabla hajaweka mzigo chini.

Alirudi Jumapili. Cherehani ililetwa na mkokoteni. Ameiweka dirishani, na kiti chake, na kikapu cha vitambaa, na sasa watu wanaokuja kwangu kuleta pampu wanapita mbele yake kwanza, wanamsalimia yeye, wanakaa kuzungumza, na mimi nangoja uani kama kibarua. Dhuluma ya namna hii sijawahi kuiona.

Jana asubuhi nilikuwa na kazi ya pampu ya kwenye kiwanda cha matofali. Nilishavaa taa, nilishabeba sanduku la spana, lakini nikapitia chumba cha mbele kumwambia ninakokwenda. Zamani nisingemwambia, tungekwenda wote. Nikasimama mlangoni, halafu nikaingia, nikasogea mpaka dirishani nione anachoshona. Ilikuwa kola. Alikuwa ameinamisha kichwa, miwani imeshuka puani, anatafuta tundu la sindano, na mimi nikabaki nimesimama pale nikimwangalia, sijui kwa muda gani.

Bila kuinua uso akasema, "Unanizibia mwanga."

Nikasogea.

Mjomba wako.